Waziri Aliyekatazwa Hadithi ya Hamamu

Hapo zamani, katika nchi ya Burma, kandokando ya mto Irawadi, palikuwa na mji uitwao Pyinsa, na katika mji huo palikuwa na waziri mzee, jina lake Nga Myat, aliyekuwa amewatumikia wafalme watatu na sasa akimtumikia wa nne. Miaka hamsini na mmoja alikuwa akiinama mbele ya kiti kile kile cha enzi, hata watu wakasema kwamba mgongo wake umesahau njia ya kunyooka. Wafalme walikuja na wakapita, wala hapana aliyepita bila ya kumwachia mwenzake maneno haya: "Mzee huyu usimfukuze, utamhitaji."

Mfalme wa kwanza ndiye aliyemtoa shambani. Nga Myat alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mkulima wa tambuu wa kijiji cha Letpan, aliyekuja ikulu mwaka mmoja wa ukame na mzigo wa majani yaliyosinyaa. Akapewa kazi ya kushika kijaluba cha tambuu cha mfalme, akakishika siku tisa, na siku ya kumi akawa waziri. Namna alivyoupata uwaziri kwa siku kumi ni hadithi aliyoipenda kuliko zote, nayo daima aliianza kwa kuitaja nyumba ya kuogea ya kifalme, "Zama za hamamu..." Lakini hiyo tutaifikia, tusiwe na papara.

Mfalme wa pili alipenda kupiga kinubi, na kinubi hakikumpenda. Mawaziri walimsifu hata sauti zikawakauka. Nga Myat yeye akalala usingizi mnono, na alipoamshwa kwa teke akasema, "Bwana wangu, mtoto hulala kwa sauti anayoiamini." Mfalme akafurahi mno, akampa mwavuli mwekundu. Mfalme wa tatu aliogopa kila kitu, hata maji ya kuoga aliwaamuru askari wayaonje kwanza. Huyo Nga Myat alimtuliza miaka tisa kwa kumkumbusha kila asubuhi kwamba jana alipona.

Basi ungedhani kwamba mtu kama huyo alikuwa na mali. La hasha! Desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba waziri hapewi mshahara, hupewa kijiji, na ushuru wa kijiji hicho ndio riziki yake. Wenziwe walipewa vijiji vikubwa wakavinyonya hata wakanenepa mashavu. Nga Myat aliomba Letpan, kijiji chake cha kuzaliwa, na ushuru alioutoza ulikuwa mzigo mmoja wa tambuu kwa mwaka. Mkewe, Mi Saw, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mweupe, alikuwa akimwambia, "Wenzako wanakula vijiji, wewe unatafuna majani." Naye Nga Myat humjibu, "Bibi, majani hayanuni, na kwa hiyo hayanichukii." Wakaishi hivyo katika nyumba ya mianzi iliyovuja pande mbili, wakacheka zaidi kuliko watu wengi walioezeka vigae.

Sasa mfalme wa nne aliitwa Zeyananda, kijana wa miaka ishirini na minne. Hakuwa mtu mbaya, nawaambieni ukweli. Alikuwa mkarimu na mcha dini. Kila mwezi mpevu alitoa sadaka kwa watawa, na sadaka katika nchi ile ilikuwa na namna yake: mwenye mali huitaja mali yake mbele ya ardhi ili ardhi iwe shahidi, humimina maji chini mpaka tone la mwisho, upatu wa shaba hupigwa, na watu wote huitikia "Vyema!" mara tatu ili nao wapate fungu la thawabu. Ardhi ikisha kunywa maji yale, neno limekwisha. Hata mfalme harudishi, kwa kuwa katika mawe yote ya nchi imechongwa laana ya kumwangukia arudishaye, yeye na ukoo wake. Zeyananda alikuwa hodari wa desturi hiyo, na mkono wake ulikuwa umeizoea birika kama mkono wa mama uzoeavyo upawa.

Lakini alikuwa na maradhi mawili. La kwanza, alilipenda mno jina lake la cheo, Bwana wa Maji na Ardhi, akataka aitwe hivyo hata anapopiga miayo. La pili, hakuweza kustahimili hadithi za wazee. Kila Nga Myat alipofungua kinywa na kusema, "Zama za hamamu, Bwana wangu, babu wa baba yako..." mfalme alipaaza sauti, "Koma!" Ikawa hivyo miaka miwili mizima, na hadithi haikupata kamwe kuvuka neno la tisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wafalme nao wana miguu, lakini nani angemwambia?

Ikawa siku moja mfalme alikaa katika roshani yake mpya, akatazama kusini, akaona kijani cha Letpan na kijito chake kikimetameta. Akasema, "Mahali pale panafaa ziwa. Nitakiziba kijito, maji yatajaa, nitapanda mayungiyungi, nami nitaelea juu yake katika mashua yenye kupakwa dhahabu."

Waziri kijana jina lake Kyansa, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubali kabla ya kuulizwa, akasema, "Fikra ya ajabu! Maji yamemngoja Bwana wa Maji."

Nga Myat akasogea mbele. Akainama, akasema, "Bwana wangu, uishi miaka mia. Mahali pale pana watu. Nyumba arobaini. Watakwenda wapi?"

"Watapewa ardhi mashariki."

"Mashariki ni mchanga na miiba, Bwana wangu. Tambuu haioti mashariki. Mitambuu ya Letpan ilipandwa na babu zetu, na watu wale hawajui kazi nyingine. Mwaka wa kwanza watauza ng'ombe, mwaka wa pili watauza milango, mwaka wa tatu watajiuza wenyewe. Nakusihi! Zama za hamamu, babu wa baba yako..."

"Koma!" Mfalme akapiga mkono wa kiti. "Mzee, nikilisikia neno hamamu mara nyingine, nitakuzamisha katika ziwa hilo hilo. Babu zenu walipanda katika ardhi ya nani?"

Hapo ndipo uchungu ulipomshinda mzee, naye akajikwaa ulimi. Akasema, "Wao walidhani ni yao."

Pale barazani mbeba upepeo akasahau kupepea. Mfalme akageuka mwekundu, kisha akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa zuri.

"Walidhani! Basi sikiliza, ewe mjuzi wa wafalme wanne. Nakupa siku saba. Nionyeshe kitu kimoja tu katika ufalme huu ambacho si changu. Ukinionyesha, ziwa nitalichimba kwingine. Ukishindwa, Letpan itahama mwezi ukipevuka, nawe utabeba kikapu cha kwanza cha udongo wa kuziba kijito, kwa mabega yako hayo. Wala usinitajie babu, wala baba, wala hamamu."

"Nimesikia na kutii," akasema Nga Myat, maana mtu aliyeinama atasema nini kingine?

Akarudi nyumbani, akatafuna tambuu siku nzima bila ya kuonja ladha yake. Mi Saw akamwuliza, akaeleza. Mi Saw akalia kidogo, kwa kuwa naye alizaliwa Letpan, kisha akapangusa macho akaanza kutafuta pamoja naye.

"Mwambie jua si lake."

"Kyansa amekwisha tangaza kwamba wafalme wetu ni ukoo wa jua. Atasema ni shangazi yake."

"Upepo?"

"Upepo uvumao katika nchi yake."

"Basi usingizi wako, huo si wako mwenyewe?"

"Usingizi wangu nilimpa babu yake, yule wa kinubi."

Wakacheka, wakahuzunika tena. Zikapita siku nne namna hiyo. Siku ya tano Nga Myat akaketi kizingitini akamtazama mkewe akiosha mchele, moyo wake mzito kwa kumbukumbu ya watu wa Letpan, ambao kila mmoja alimwita mjomba.

Mi Saw akamwaga chini maji ya mchele, akasema kwa hasira, "Kila kitu chake, kila kitu chake! Basi mwache avitaje. Mpe nafasi avitaje vyote kimoja kimoja mpaka kinywa kimkauke!"

Nga Myat akaacha kutafuna. Akayatazama maji yale yakizama katika ardhi kavu, mpaka pakabaki unyevu tu na punje mbili za mchele.

"Bibi," akasema polepole, "ule upatu wa marehemu mama yako ungali upo?"

"Upo. Kuku anaatamia ndani yake."

"Mwombe radhi kuku."

Mi Saw akamtazama mumewe, akayatazama maji, akamtazama mumewe tena, na meno yake yote yaliyosalia yakaonekana. "Ewe mzee usiye na haya! Lakini angalia, safari hii chafya haitatosha."

"Nyamaza, kuta zina masikio."

"Kuta zetu ni mianzi, Bwana, hizo zina na macho."

Siku ya saba ilipowadia, Nga Myat akaenda ikulu asubuhi, akasujudu, akasema, "Bwana wa Maji na Ardhi, kitu kile nimekipata. Lakini hakibebeki, kipo Letpan. Mtumwa wako anakuomba uje ukione, na baraza lako lote liwe shahidi."

Mfalme akapenda mchezo ule, maana alikuwa na hakika ya kushinda. Akapanda tembo, miavuli minane myeupe ikafunguliwa juu yake, wapiga ngoma wakatangulia, na Kyansa akafuata ameshika birika ya dhahabu ya mfalme, kwa kuwa siku ilikuwa ya joto. Walipofika Letpan walikuta kijiji kizima kimeketi uwanjani, wanawake kwa wanaume, wamevaa nguo zao za sikukuu. Mtawa mkuu wa mji naye alikuwapo, amealikwa na Mi Saw kwa chakula cha asubuhi, na kwa kuwa watawa hawali baada ya adhuhuri alikuwa amekula mapema na kwa bidii, sasa ameketi kivulini ametulia.

Mfalme akashuka. "Haya, mzee. Ki wapi?"

"Punde, Bwana wangu. Mimi ni mzee, hupotea njia nisipoanzia mwanzo. Mwavuli ule mweupe ni wa nani?"

"Wangu."

"Na tembo?"

"Wangu."

"Na birika hiyo aliyoishika Waziri Kyansa, na maji yaliyomo?"

"Changu chombo, yangu maji. Mzee, unanichosha."

"Na vichwa hivi vyote vilivyoinama?"

"Vyangu, na chako kimo."

"Naam, kimo. Na Letpan hii, tangu mkuyu ule mpaka kijitoni, na mitambuu yake, na mashamba yake ya mpunga?"

"Yangu! Yangu! Yangu!" akasema mfalme, na sasa alikuwa akicheka. "Umeshindwa, Nga Myat, kubali tu."

Nga Myat akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi nakubali, Bwana wangu. Lakini watu wa hapa ni vichwa vigumu, nawajua, ni ndugu zangu. Leo wataitikia naam, na kesho watasema ni ya babu zao. Wangesikia Bwana wa Maji na Ardhi akiiambia ardhi yenyewe, wangenyamaza milele."

"Kweli kabisa!" akadakia Kyansa, kama ilivyo ada yake. "Bwana wangu na aiambie ardhi, ardhi iwe shahidi! Nani atabisha baada ya hapo?" Akapiga magoti, akaiweka birika ya dhahabu mikononi mwa mfalme.

Naye mfalme akaipokea. Mkono ukaikumbuka kazi yake, sauti ikashuka ikawa ile ya siku kuu, wala hakupata kujiuliza. Akasema, "Ewe ardhi, shuhudia! Letpan hii, tangu mkuyu mpaka kijitoni, mashamba yake na mitambuu yake na nyumba zake arobaini, ni mali yangu mimi Zeyananda." Na akisema hivyo alikuwa akimimina, akamimina polepole kwa adabu, mpaka tone la mwisho.

Mi Saw akapiga upatu. Ulitoa sauti tamu, na unyoya mmoja wa kuku ukaruka.

"Vyema! Vyema! Vyema!" kikaitikia kijiji kizima, na baraza nalo likaitikia, kwa mazoea. Kyansa ndiye aliyepaaza sauti kuliko wote.

Na mtawa mkuu, ambaye alikuwa akisinzia kidogo, akasikia upatu, akafumbua macho, akaona birika, akainua mkono, akambariki mfalme kwa sadaka yake.

 Mfalme alikuwa bado ameshika birika tupu. Akaitazama. Akaitazama ardhi yenye unyevu miguuni pake. Watu wa karibu walisema kwamba walimwona akianza kufahamu tangu masikioni, kwa kuwa masikio ndiyo yaliyotangulia kuwa mekundu.

Nga Myat akaanguka kifudifudi. "Bwana wangu alitaka kuonyeshwa kitu kimoja kisicho chake. Mtumwa wako alikitafuta siku saba asikione, maana kweli vyote vilikuwa vyako. Ikabidi nikuombe wewe utufanyie kimoja. Ndicho hiki tulichosimama juu yake."

"Mimi sikusema natoa!" akanguruma mfalme. "Nilisema ni yangu!"

"Ndivyo waanzavyo wote, Bwana wangu. Nani hutoa kisicho chake? Miaka hamsini na mmoja nimesimama penye sadaka za wafalme. Sijamwona hata mmoja aliyemimina maji kuiambia ardhi kwamba anabaki na mali yake. Ardhi haijui habari hiyo. Ikinyweshwa, imepewa."

"Hila!" akapiga kelele Kyansa. "Bwana wangu, kichwa chake!"

Nga Myat hakuinua kichwa hicho kilichotajwa. Alikuwa anaogopa, msidhani vinginevyo, na kipaji cha uso wake kilikuwa kimelowa udongo wa Letpan. Akawaza kwamba kama ni mwisho, basi udongo huu ni afadhali kuliko mwingine.

Mfalme akamgeukia mtawa mkuu. "Mheshimiwa, sema wewe. Imetoka au haikutoka?"

Mtawa akafikiri. "Mimi nimeona mambo manne. Mwenye mali ameitaja, maji yamemwagwa, upatu umelia, watu wameitikia. Kama liko la tano, mimi sikufundishwa."

"Lakini ni kwa kutokusudia! Jambo kama hili halijapata kutokea tangu nchi kuwa nchi!"

Pale chini, penye vumbi, Nga Myat akakohoa kidogo. "Limepata, Bwana wangu. Ila mimi nimekatazwa kulisema."

Mfalme akamtazama. Kisha akaketi chini, juu ya gogo, yeye Bwana wa Maji na Ardhi yote isipokuwa Letpan, akasema kwa sauti ndogo, "Hamamu."

"Hamamu, Bwana wangu."

"Isimulie."

Basi Nga Myat akainuka akakaa kitako, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akavuka neno la tisa. Akasema, "Zama za hamamu, Bwana wangu, babu wa baba yako alikuwa amejenga hamamu ya mawe, nzuri ajabu, nayo ameipenda kuliko wake zake. Siku ya mwezi mpevu akasimama kutoa shamba la mpunga kwa watawa. Birika i mkononi, bado hajataja shamba. Akamgeukia fundi akamwuliza, 'Je, hamamu yangu, na mfereji wake, mlango umekwisha?' Na papo hapo mkono ukatikisika, maji yote yakamwagika. Mpiga upatu akapiga. Watu wakaitikia. Mawaziri wote wakasema, 'Haihesabiki, Bwana, haihesabiki.' Mimi peke yangu, mshika kijaluba wa siku kumi, ndiye niliyesema, 'Ardhi imekwisha kunywa.' Wakataka kunikata kichwa. Babu wa baba yako akasema, 'Maji yakimwagika hayazoleki. Huyu ndiye atakayekuwa waziri, kwa kuwa nikikosea ataniambia.' Akawapa watawa hamamu na mfereji wake, akaoga mtoni miongoni mwa watu miaka kumi na tisa, mpaka alipokufa. Na watu walimpenda mno, maana aliyekuwa na shida alimngoja penye maji."

Mfalme akainamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Kyansa akadhani analia, akaanza kulia naye. Lakini mfalme alikuwa anacheka, akacheka hata miavuli minane ikayumba, akasema, "Miaka miwili! Ningalikuacha useme siku moja tu, ningalikuwa na ziwa langu leo!"

"Ndivyo, Bwana wangu. Kila nilipoianza niliogopa utanisikiliza."

Hapo mfalme akazidi kucheka. Akaamuru jiwe lichongwe na kusimamishwa penye mkuyu, kwamba Letpan tangu mkuyu mpaka kijitoni ni ya watu wa Letpan na mitambuu yao, maana maji yalipomwagwa hakutajwa mpewaji mwingine, na laana iwe juu yake arudishaye. Akampa Mi Saw birika ya dhahabu. Na kikapu cha kwanza cha udongo, kile kilichoandaliwa kwa mabega ya mzee, akampa Kyansa akijaze apeleke kwenye jiwe, kwa kuwa ndiye aliyeita "Vyema!" kwa sauti kubwa.

Akawa anataka kupanda tembo, mara akasimama. "Nga Myat. Mfereji wa hamamu ile ulitoa wapi maji yake?"

Mzee akatazama kando. "Katika kijito, Bwana wangu."

"Kijito kipi?"

"Hiki."

"Na watawa walipoupata mfereji?"

"Waliufungua, Bwana wangu. Watawa hawahitaji maji mengi. Kijito kikarudi Letpan, na tambuu iliyokuwa inakauka ikachipua."

"Ajabu. Na mkono wa babu wa baba yangu, mkono wa mfalme, ulitikisika kwa sababu gani?"

"Mshika kijaluba aliyekuwa amesimama penye kiwiko chake alipiga chafya, Bwana wangu."

"Alikuwa na mafua?"

Nga Myat akawaza kwa bidii, kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda. Nyuma yake Mi Saw alikuwa ameuziba uso wake kwa upatu.

"Miaka hamsini na mmoja ni mingi," akasema mzee. "Sikumbuki vizuri."

Tangu siku hiyo mfalme Zeyananda alisikiliza hadithi za wazee mpaka mwisho, na akamweka Nga Myat kuwa waziri wake mkuu mpaka mauti. Lakini kila mwezi mpevu, kabla ya kuishika birika, alifumba kinywa chake, akageuka nyuma, na kumpungia mzee mkono asogee mbali hatua kumi. Nami yangu nimekwisha kuimwaga. Aitakaye na aizoe.